Jinsi ya kuvipima vita mbele za Mungu: mwongozo kwa aliyeulizwa "Je, niende?"

Kijana mmoja wa kikundi chetu cha kujifunza Biblia aliniita pembeni baada ya ibada. Mkononi alikuwa na barua ya kuitwa jeshini, ameikunja mara nne hadi imekuwa ndogo kama kiberiti. Akaniuliza, "Mwalimu, Mkristo anaruhusiwa kwenda vitani?" Nilikuwa na haraka, watu wa kikao kingine walikuwa wananingoja mlangoni. Nikamjibu kwa Warumi 13: mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu, "hauchukui upanga bure". Nikamwombea, akaenda zake. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili.

Alirudi baada ya miaka miwili. Jumapili ya meza ya Bwana, sahani ya mkate ilipomfikia aliipitisha kwa jirani yake bila kuchukua kitu. Mara iliyofuata, hivyo hivyo. Nilipomwendea alisema, "Mwalimu, ulinipa mstari mmoja. Nilikokwenda niliulizwa mengi kuliko mstari huo." Nilikosa la kusema, na nilistahili kukosa.

Haya ninayoyaandika ndiyo ningempa siku ile kama ningekaa naye chini. Nimeyatumia kwa miaka 19 sasa, na vikundi vya watu wazima, na vijana, na wazazi ambao mtoto wao ameshaamua na wao hawalali. Unahitaji Biblia, karatasi, kalamu, na jioni mbili au tatu. Unaweza kuyafuata peke yako, lakini ni bora muwe watu kati ya watatu na kumi, na msiwe wote wa mawazo mamoja.

Lishike jambo hili kabla hatujaanza. Maswali ya kale ambayo Wakristo wameyatumia kuamua kama vita fulani ni vya haki yalitungwa ili yazuie vita. Kama kila unapoyatumia yanakupa jibu lile lile ulilokuja nalo, basi hujayauliza, umeyasoma tu.

Andika kwanza

Usianze na "vita" kwa jumla. Vita kwa jumla havimlazimu mtu kuamua lolote, na kikundi kitabishana mpaka usiku na kurudi nyumbani kila mmoja na lake. Chagueni vita hivi, vinavyopiganwa sasa, ambavyo mwanenu au kodi yenu inahusika navyo. Andikeni sentensi moja: nani anapigana na nani, wapi, tangu lini, na upande wenu unasema unataka nini. Msitie "magaidi", "mashujaa", "wavamizi", "wakombozi". Maneno hayo huenda ni ya kweli, lakini ndiyo hukumu yenyewe, na hukumu haitangulii kesi.

Sentensi hiyo moja hutuchukua karibu nusu saa. Msione ni muda uliopotea, maana hapo ndipo watu hugundua kwamba hawajui vita vinatafuta nini.

Chini yake chora safu tatu: tunalolijua, tunaloambiwa, tusilolijua. Safu ya kati ndiyo hujaa. Iandikeni tarehe karatasi hiyo na muitunze, mtaihitaji tena.

Someni Maandiko yasiyowapendelea

Mimi hugawa mistari kinyume na watu wanavyotaka. Anayeamini kwamba uaskari ni wito halali humpa Mathayo 5:38–48 aisome kwa sauti, polepole, kisha Mathayo 26:52: "Rudisha upanga wako mahali pake, maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Anayeamini kwamba Mkristo hagusi silaha humpa Luka 3:14, Mathayo 8:5–13 na Matendo 10. Wakimaliza tunakaa kimya kidogo. Kisha kila mmoja aeleze mistari aliyoisoma inadai nini, kwa namna ambayo mwenye msimamo huo angesema, "Ndiyo, hicho hasa ndicho ninachoamini."

Hapo kuna utajiri mwingi. Askari wanamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hawaambii watupe silaha. Anawaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu." Wengine husikia hapo ruhusa. Wengine husema askari wa zama zile asiyemdhulumu mtu hata mmoja alikuwa tayari amebadilika kabisa. Kornelio naye anabatizwa akiwa akida, na Luka hatuambii kama aliendelea na kazi au aliiacha. Ukimya huo uacheni ulivyo, msiujaze kwa matakwa yenu.

Warumi 13 msiisome kamwe bila Warumi 12. Paulo hakuandika kwa sura. Namba za sura zilitiwa karne nyingi baadaye. Mistari michache tu kabla ya ule upanga anasema, "Adui yako akiwa na njaa, mlishe, akiwa na kiu, mnyweshe." Hapa ndipo njia za Wakristo zinapoachana. Wako wasemao kwamba sura ya 12 ni ya mtu binafsi na ya 13 ni ya dola, kwa hiyo mimi nisilipize kisasi changu, lakini dola imlinde mnyonge. Wako wasemao kwamba Mkristo ni yule yule awapo nyumbani na awapo kazini, hawezi kuwa na mioyo miwili. Kosa langu siku ile lilikuwa hapa: nilimpa kijana nusu ya ukurasa.

Agano la Kale msilikimbie. Vita vya Yoshua vimo, na vinatuumiza kuvisoma. Lakini soma pia Kumbukumbu la Torati 20: kabla ya kuupiga mji, toeni kwanza masharti ya amani, aliyejenga nyumba na hajaizindua, aliyepanda mizabibu na hajaila, aliyeposa na hajaoa, hata mwenye hofu, warudi nyumbani, miti ya matunda isikatwe. Na Daudi, shujaa wetu sote, ananyimwa kazi ya kujenga hekalu kwa sababu amemwaga damu nyingi. Iko katika 1 Mambo ya Nyakati 22:8.

Atakuwepo mtu wa kuleta Mathayo 10:34, "Sikuja kuleta amani, bali upanga." Mpelekeni Luka 12:51, ambako usemi huo huo una neno "mafarakano". Yesu anasema juu ya nyumba kugawanyika kwa sababu yake, baba na mwana, mama na binti. Hakuna jeshi pale.

Zijueni njia tatu, ili mjue mmesimama ipi

Njia ya kwanza ni kukataa. Tertuliano, mwandishi wa Kanisa la kwanza, aliandika kwamba Bwana alipomnyang'anya Petro upanga alimvua silaha kila askari. Origen, mwalimu mwingine wa Kanisa la kwanza, yapata mwaka 248, alijibu lawama kwamba Wakristo hawamsaidii Kaisari kwa kusema wanamsaidia kwa sala zao. Lakini anayenifundisha zaidi ni Maximilian. Mwaka 295, katika Tebessa, mji ulioko Algeria ya leo, kijana huyo wa miaka 21 alipelekwa mbele ya liwali Dion aandikishwe jeshini. Wakampima urefu. Wakataka kumvika shingoni alama ya askari, kipande cha madini ya risasi. Akakataa, akasema yeye ni Mkristo. Liwali akamwambia kwamba wako Wakristo hata katika walinzi wa watawala wenyewe. Maximilian hakukana. Alijibu kwamba wao wanajua linalowafaa, yeye ni Mkristo na hawezi kutenda ovu. Kabla ya kukatwa kichwa alimwomba baba yake, aliyekuwa askari mstaafu, ampe mwuaji zile nguo mpya alizomwandalia kwa ajili ya jeshi.

Nawasomea vikundi habari hiyo kwa sababu ya yale maneno ya liwali. Watu hupenda kusema Kanisa la kwanza lilikataa vita kwa umoja mpaka Kaisari Konstantino akaliharibu, au kwamba halikuwahi kukataa. Mwaka 295, miaka 18 kabla ya Konstantino kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, walikuwepo wa pande zote mbili, kila mmoja akijua habari za mwenzake.

Njia hiyo haikufa. Waanabaptisti, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, waliandika huko Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527 kwamba upanga ni agizo la Mungu nje ya ukamilifu wa Kristo. Wamennonite wametokana na shina hilo. Marafiki, wanaoitwa pia Wakweka, walimwandikia mfalme wa Uingereza mwaka 1660 kwamba hawatapigana kwa silaha za nje kwa sababu yoyote.

Njia ya pili ni ya vita vya haki. Askofu Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alimwandikia jemadari Bonifasi kwamba amani ndiyo iwe matakwa yake, na vita viwe vya lazima tu. Wengi hawajui kwamba Augustino huyo huyo hakukubali mtu binafsi aue ili kujiokoa mwenyewe. Kwake, mwenye haki ya kutumia silaha ni yule aliyewekwa kuwalinda wengine, na hata huyo apigane akiomboleza. Walutheri, katika ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530, walikubali kwamba Mkristo anaweza kupigana vita vya haki. Waanglikana na Wareformati (walioshika mafundisho ya Calvin) nao wakafuata mkondo huo.

Njia ya tatu ni vita vitakatifu, na hapa sitajifanya sina upande. Mwaka 1095 Papa Urban II alihubiri Vita vya Msalaba huko Clermont. Mwaka 1099 waliovaa msalaba waliingia Yerusalemu wakawachinja Waislamu na Wayahudi waliokuwa ndani. Vita vya aina hiyo havipimwi kwa swali lolote, kwa sababu Mungu mwenyewe ameshaandikwa kuwa jemadari. Utavitambua hata leo: adui anaitwa shetani, anayehoji anaitwa msaliti wa Mungu, na mahubiri yanasikika kama hotuba ya jeshi. Mkiona dalili hizo kanisani kwenu, simamisheni kikao mlizungumze hilo kwanza.

Maswali ya kabla ya vita

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliweka masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, nia nyofu. Baadaye yakaongezwa mengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2309, inadai kwamba madhara ya mvamizi yawe ya kudumu, makubwa na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeonekana haziwezekani au hazifai. Yawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa. Na silaha zisilete maovu makubwa kuliko lile linaloondolewa. Tena yote yatimie kwa pamoja. Lipigieni mstari neno "pamoja". Kila kikundi nilichoongoza kimejaribu kutafuta wastani kama wa mtihani wa shule, manne kati ya matano, tumefaulu. Likianguka swali moja, vita hivyo vimeanguka.

*Sababu.* Mwaka 1539, Wahispania wakiwa wanaiteka Amerika, mtawa Francisco de Vitoria alisimama darasani Salamanca, ndani ya nchi ya washindi, akafundisha kwamba tofauti ya dini si sababu ya vita, kupanua dola si sababu, wala sifa na faida ya mfalme. Sababu ni moja: dhuluma iliyotendwa. Kwa hiyo ulizeni, "Tumetendewa nini, lini, na nani?" Jibu liwe tendo lenye tarehe. Mkipata jibu la "huenda wakatufanyia", hiyo ni hofu. Hofu ina nafasi yake katika kujilinda, ila haijawa bado sababu ya kuua.

*Mamlaka.* Hapa msikawie. Ni nani aliyeamua, na kwa sheria ipi?

*Nia.* Hapa kaeni. Augustino alisema maovu halisi ya vita ni kupenda ukatili, kisasi chenye uchungu, chuki isiyopoa na tamaa ya kutawala. Hayo ni mambo ya moyoni, na moyo hauna karatasi za kuonyesha. Swali linalonisaidia ni hili: "Adui akikubali leo yote tuliyoyataka mwanzoni, tutasimamisha vita leo?" Niliwahi kuliuliza swali hilo, chumba kikanyamaza. Mzee mmoja aliyempoteza mdogo wake katika mapigano hayo alikuwa amekaa karibu na dirisha, anaifunga na kuifungua miwani yake. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mimi nataka waumie kwanza." Nilimshukuru mbele ya wote. Wengi wetu tulikuwa na neno hilo na hatukuthubutu kulitoa. Tuliacha maswali mengine jioni ile tukakaa na huyo mzee, na namshauri kila kiongozi afanye vivyo hivyo. Karatasi itangoja.

*Njia ya mwisho.* Andikeni orodha ya yaliyojaribiwa kabla ya risasi ya kwanza: mazungumzo, wapatanishi, mahakama, vikwazo, migomo ya amani. Kila kimoja kiwe na tarehe. Orodha isiyo na tarehe hata moja imeshajibu swali.

*Matumaini na uwiano.* Ulizeni nani atazika, nani atajenga upya, na watoto wa miaka mitano leo watarithi nini. Inatosha.

Sasa mgeukieni anayekataa vita vyote, kwa upole uleule na kwa ukali uleule. Rwanda, mwaka 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa katika muda wa siku 100 hivi. Wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kukipunguza kikosi chake kibaki na watu 270. Asemaye "kamwe" aeleze angefanya nini mlangoni pa kanisa lile. Majibu yapo: kuwaficha watu, kusimama mlangoni, kufa pamoja nao, wako waliofanya hivyo. Dirk Willems, Mwanabaptisti wa Uholanzi, mwaka 1569 alikuwa anakimbia juu ya barafu baada ya kutoroka kifungo. Aliyemfukuza akatumbukia, Dirk akarudi akamtoa majini, na kwa kurudi huko akakamatwa na kuchomwa moto. Huyo alijua anachosema aliposema hapigani. Ninachokiomba kwa ndugu zangu wa njia hii ni kwamba waitaje gharama, na waseme ni nani atakayeilipa.

Maswali ya ndani ya vita

Vita vinaweza kuanza kwa haki vikapiganwa kwa dhuluma. Hapa swali kubwa ni raia.

George Bell, askofu wa Chichester, alikuwa adui wa Unazi tangu mapema na rafiki wa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler. Aliunga mkono kupigana na Hitler. Lakini tarehe 9 Februari 1944 alisimama katika Baraza la Malords la Uingereza akapinga ndege za nchi yake kuiteketeza miji mizima ya Ujerumani pamoja na watu wake. Wengi walimchukia kwa hilo. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba inawezekana kusema "vita hivi ni vya haki" na "tendo hili ni ovu" kwa kinywa kimoja.

Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangukia bonde la Urakami, Nagasaki, lilikokuwa kanisa kuu la Wakatoliki na jumuiya kubwa ya Wakristo wa Japani. George Zabelka, padri wa jeshi la Marekani, ndiye aliyewahudumia kiroho wanajeshi wa kikosi kilichotumwa kuangusha mabomu ya atomiki. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani kwamba alijua raia wanauawa na hakusema neno. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba kuiangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake ni jinai dhidi ya Mungu na binadamu.

Mtu atasema, "Lakini raia hufa katika kila vita." Kweli. Mafundisho ya Kanisa yanatenganisha kifo ulichokikusudia na kile ulichokiona kinakuja ukajitahidi kukiepuka. Tofauti hiyo hutumiwa vibaya sana, kwa hiyo ipimeni hivi: kama kwa muujiza raia wote wa mahali pale wangepona, je, mpango wa shambulio ungekuwa bado umefaulu? Kama ungeshindikana, basi vifo vyao ndivyo vilivyokuwa mpango. Kisha ulizeni juu ya chakula, maji na dawa. Njaa inayosababishwa kwa makusudi ni silaha inayowapiga watoto kwanza.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2020, aliandika kwamba kwa silaha za leo ni vigumu sana kutumia vigezo vya zamani kuzungumzia uwezekano wa vita vya haki. Mimi bado naviona vina kazi, kwa sababu nimeona vikimzuia mtu. Lakini nakiri kwamba kila mwaka ninapovisoma, navisikia vikisema "hapana" mara nyingi zaidi.

Mwenye barua mkononi

Usimwamulie. Kazi yako ni kumpa ukurasa mzima, kumpa muda, na kukaa karibu.

Mwambie kwamba Vitoria, ambaye hakuwa mpinga vita, alifundisha kuwa raia aliyesadiki dhamirini kwamba vita ni vya dhuluma asiende, hata mfalme akiamuru. Msimulie Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria mwenye mke na mabinti wadogo. Alikataa kupigana chini ya Hitler. Askofu wake alimsihi aifikirie familia yake. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na mwaka 2007 Kanisa likamtangaza mwenyeheri. Msimulie pia Desmond Doss, Mwadventista Msabato, aliyeingia jeshini akakataa kushika bunduki. Kwenye jabali la Okinawa mwaka 1945, kama mhudumu wa matibabu, aliwateremsha majeruhi mmoja mmoja kwa kamba. Wanaohesabiwa kuokolewa naye ni 75. Mtu huyo hakubaki nyumbani wala hakuua.

Halafu mwekee mezani njia zilizopo: kwenda, kwenda bila silaha, kuomba utumishi mbadala wa kiraia, kukataa kabisa. Sheria ya nchi inaruhusu ipi? Adhabu ni ipi? Familia itakula nini? Tafuteni mwanasheria, msikisie.

Akiamua kwenda, mwombe aandike kwa mkono wake mambo ambayo hatayafanya hata akiamriwa: kumuua aliyejisalimisha, kutesa, kupiga raia, kubaka, kupora. Aweke sahihi. Nakala moja aende nayo, nyingine ibaki kwa mtu anayemwamini. Amri mbaya huja ghafla, usiku, kwa sauti ya mkubwa; asiyeamua mapema huamuliwa.

Anayerudi

Sehemu hii vikundi vingi huiruka, na ndiyo niliyoikosea zaidi.

Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, aliwashauri waliomwaga damu vitani wakae miaka mitatu bila komunyo, kwa kuwa mikono yao si safi. Hakuwaita wauaji, alisema waziwazi kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa sawa na uuaji. Baada ya mapigano ya Hastings, Uingereza, ya mwaka 1066, maaskofu wa Normandia waliwapa kitubio askari wa upande ulioshinda, waliopigana chini ya bendera ya Papa: mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemuua. Asiyejua idadi, siku moja kila juma maisha yake yote. Wapiga mishale, ambao hawakuona mishale yao ilikoangukia, walipewa chao.

Zamani nilidhani huo ni ukali. Sasa naona huruma ndani yake. Kanisa lilimwambia askari, "Tunajua ulichobeba. Kina uzito, kina muda, na muda huo una mwisho." Mimi nilikuwa nimemwambia kijana wangu, "Huna hatia, wewe ulitii tu," na maneno hayo yakamfungia mlango, maana yeye alikuwa na jambo la kusema.

Tulichofanya hatimaye kilikuwa kidogo. Mchungaji, yeye na mimi tulikutana kila Alhamisi jioni kwa majuma 12. Majuma manne ya kwanza alizungumzia mvua na viatu. La tano alianza. Hatukumkatiza, hatukumfariji haraka, na hatukurudia nje alichosema. Alikuwa pia akimwona mshauri nasaha, na nasisitiza hilo: asiyelala, anayeshtuka kwa kila mlango unaogongwa, anahitaji tabibu pamoja na sala. Juma la 12 mchungaji alimwekea mikono akamtamkia msamaha kwa jina lake. Jumapili iliyofuata sahani ilipomfikia aliishika kwa muda mrefu, kisha akachukua.

Maombi, na ile karatasi

Ombeeni pande zote mbili kwa majina. Tarehe 26 Julai 1982, baada ya vita vya visiwa vya Falkland, Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Runcie, alihubiri katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, akawataja waliofiwa wa Argentina pamoja na wa Uingereza. Wanasiasa wengine walikasirika. Walitaka ibada ya ushindi. Runcie mwenyewe alikuwa amepigana vita kwa kifaru na kupewa nishani ya ushujaa. Kwenu, anayeomba ataje jina la mji mmoja wa upande wa pili na kazi moja ya watu wake, wauguzi, madereva, walimu. "Wapendeni adui zenu" huanza kuwa na sura mtu akitajwa kazi yake.

Kisha itoeni ile karatasi ya jioni ya kwanza kila baada ya miezi mitatu. Isomeni sentensi ya juu: upande wetu unasema unataka nini. Pembeni yake andikeni wanasema wanataka nini leo, na tarehe. Kama sentensi zimebadilika, maswali yote yaanze upya kutoka la kwanza, hata kama mara ya kwanza yalijibiwa vizuri. Katika kikundi chetu karatasi hizo zinatunzwa na yule kijana. Husoma tarehe kwanza, halafu sentensi, halafu hungoja mpaka mtu mwingine aanze kusema.